Mwaka wa Mwanangu Nilioula

Assalaam alaykum, wazazi wenzangu. Mwenyekiti ameniwekea kiti hapa mbele, nimemshukuru, sikitaki. Hili ninalotaka kulisema siwezi kulisema nimekaa, linanikaba. Nivumilieni nitembeetembee, na anayeona kizunguzungu aangalie chini.

Mimi mnanijua. Nina yadi ya miti ya mikoko pale karibu na barabara kuu. Nimezaliwa visiwani huko deltani, nimeingia Kibiti na panga moja na shuka moja, na leo nyumba nyingi mnazolala zimeezekwa kwa pau zilizopita mikononi mwangu. Shule nilifika darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Sisemi haya kwa kuona haya. Nimejijenga mwenyewe, nanyi mmeona. Nasema mjue ni mtu wa namna gani aliyefanya ujinga nitakaowasimulia. Mjinga wa kujengwa na watu wengine anajua kuuliza. Aliyejijenga mwenyewe hajui.

Majina ya watu sitayataja, wala ya vyuo. Wenye majina wapo hai, na mimi ndiye niliyekosa.

Nimeomba nafasi leo kwa sababu ni msimu wa maombi ya vyuo. Kila nyumba hapa ina mtoto anayejaza fomu kwenye simu. Na wengine mna watoto walioko chuo tayari, nawasikia msikitini, nawasikia sokoni: "Huyu mwakani nitamhamisha." Mimi nimeshahamisha. Nisikilizeni kwanza.

Binti yangu wa tatu ndiye wa kwanza kwenye ukoo wetu mzima kufika chuo kikuu. Alipata nafasi Dar, kusomea ualimu. Siku ya kumpeleka nililizunguka lile jengo mara mbili natafuta geti. Chini maduka ya vitenge, juu vitenge vinapepea, katikati ngazi nyembamba. Nikamuuliza mlinzi, "Kijana, geti la chuo liko wapi?" Akaniambia, "Mzee, geti ndiyo hizo ngazi."

Nikabeba begi lake, tukapanda. Lakini mtoto alisoma, bwana wee! Mwaka wa kwanza alifaulu yote, hakupata hata sapu moja. Sapu ni ule mtihani wa marudio, kwa msiojua. Mimi pia nilikuwa sijui, alinifundisha yeye. Akaingia mwaka wa pili, muhula wa kwanza akapita vizuri, akaanza wa pili. Mambo yanakwenda.

Basi asubuhi moja niko kwenye kahawa. Mtani wangu, Mmatumbi, akanyanyua kikombe akaniuliza mbele za watu, "Enhe, Mndengereko! Yule mwanao anayesoma juu ya vitenge, akimaliza watampa shahada au watampa doti mbili?"

Watu wakacheka mpaka muuza kahawa akamwaga. Nikajibu kama ada, nikamwambia bora doti, maana Mmatumbi akipelekwa chuo anauliza kwanza mihogo imepandwa upande gani. Wakacheka tena.

Sasa ninyi ni watu wa hapa, mnaijua sheria. Utani hauna kesi. Mtani anaweza kuja msibani kwako akamwiga marehemu anavyotembea, na wewe mfiwa ukacheka huku machozi yanatoka. Hakuna kununa. Anayenuna ndiye mwenye kosa. Mimi nilicheka kwa mdomo, lile neno nikaondoka nalo. Siku nzima yadini nahesabu miti, nafika katikati napotea, naanza upya. Nikawaona watu wote wa Kibiti wanapita wananiangalia na kusema moyoni, doti mbili, doti mbili.

Kesho yake nikapanda basi la Dar.

Nikamkuta binti chumbani kwake, madaftari yametandazwa kitandani. Nikamwambia nimekuja kumchukua, anahamia kile chuo kikubwa, chenye barabara zake ndani na miti ya kivuli, ambacho kila mtu akisikia jina anatikisa kichwa kwa heshima.

"Baba," akasema, "mitihani ya muhula imebaki wiki mbili. Ngoja niifanye."

"Utaifanyia huko uendako."

"Huko hawajanikubali, baba. Hata kuomba sijaomba."

"Kukubaliwa ni kazi yangu. Funga begi."

"Na hapa niwaambie nini?"

"Usiwaambie kitu. Nitawaambia mimi."

Nikaenda ofisi ya msajili. Nilimkuta mzee mmoja mpole, rika langu, amevaa kofia kama hii yangu. Nikamwambia, "Namchukua mwanangu. Chuo gani hiki, mtu unapita kwenye mitumba kutafuta elimu?" Mitumba hata haikuwapo, nilitia chumvi. Yule mzee akasema, "Karibu ukae, kuna utaratibu wa kuhama, kuna fomu." Nikamwambia fomu zake awape wanunuzi wa vitenge. Nikashuka ngazi. Nilijiona mwanamume kwelikweli.

Mtaniuliza, kwa nini hukungoja wiki mbili? Nami najiuliza mpaka leo. Ndugu zangu, nawaambia ukweli: kila siku ambayo yule mtoto angepanda zile ngazi, mimi nilikuwa nasikia kicheko cha kahawa. Wiki mbili niliziona ndefu kuliko miaka miwili yake.

Tukaenda chuo kikubwa. Ofisi ya udahili, tumepanga foleni, nimevaa kanzu ya Idi. Tukapokewa na mama mmoja wa miwani, mdogo kwangu, mwenye adabu.

"Mzee wangu, binti amesoma kiasi gani huko alikotoka?"

"Miaka miwili, kasoro kidogo."

"Kasoro nini?"

"Mitihani tu."

Akavua miwani. "Mzee, mitihani ndiyo muhula wenyewe."

Binti yangu ananitazama. Mimi namtazama yule mama. Akasema anataka vitu vitatu: barua ya ruhusa kutoka chuo cha kwanza, matokeo yote yaliyothibitishwa na chuo hicho, na muhtasari wa kila kozi, yaani karatasi inayoonyesha alifundishwa nini na kwa saa ngapi. Bila hivyo anaweza kumwombea nafasi kama mwanafunzi mpya. Mwaka wa kwanza.

"Mwaka wa kwanza? Huyu amesoma!"

"Sijasema hakusoma, mzee wangu. Nasema sijaona."

Nilidhani miaka ya kusoma inahama na mtu kama umri wake unavyohama naye. Ukitoka Ikwiriri una miaka ishirini, ukifika Kibiti una ishirini ileile. Yule mama akanieleza kwamba wao hawapokei miaka, wanapokea krediti, na krediti lazima ziwe za kozi iliyofanana na ya kwao, na hata zikifanana zote kuna kiwango ambacho lazima mtu akisome kwao ndipo wampe shahada yao. Nikawa naitikia kwa kichwa. Sikuelewa hata moja. Ningesema tu "mama, rudia", angerudia. Lakini kwangu kuuliza ilikuwa kama kuvua nguo barabarani.

Nikamwambia binti, "Twende, huyu anatutafutia sababu."

Ndivyo alivyorudi Kibiti na mabegi yake. Mama yake alipotuona mlangoni hakusalimia. Alisema, "Umemng'oa mtoto kama jino. Haya, sasa lipande."

Miezi hiyo iliyofuata, wazazi wenzangu, sitaki kuirefusha, lakini siwezi kuiruka. Miguu yangu haikutulia. Nilipanda basi la Dar mara nne, natafuta chuo kisichouliza maswali. Kila ofisi ni yaleyale: barua, matokeo, muhtasari wa kozi. Nje ya geti la chuo kimoja kijana alinifuata, akaninong'oneza kwamba karatasi za matokeo zinatengenezeka, nimtajie tu jina na alama ninazotaka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimsikiliza mpaka mwisho. Nikaja nikamweleza binti. Akaniambia, "Baba, nikiingia na hiyo, nitasimama mbele ya watoto wa watu niwafundishe nini?" Nikatoka nje, nikaenda yadini, nikapanga upya miti iliyokuwa imepangwa vizuri.

Yeye hakulia, hakunilaumu. Angelia ningejua la kufanya. Alikuwa anakuja yadini ananisaidia kuandika: boriti kadhaa, mazio kadhaa, pau kadhaa. Mwandiko mzuri. Wateja wakimsifu, "Mzee, una karani msomi," naye anatabasamu, mimi nataka ardhi ipasuke. Wenzake walioko kule juu ya vitenge walikuwa wameshafanya mitihani, wameshafunga chuo, wameshafungua, wameingia mwaka wa tatu. Simu yake ikilia ananyanyuka, anakwenda kuongea mbali.

Mama yake akaniambia, "Rudi kwa yule msajili uombe." Nikasema siwezi. Kwa maneno niliyomwambia yule mzee? Bora mtoto aanze upya mwaka wa kwanza. Ndiyo. Nilifika huko. Nilikuwa tayari mwanangu asome tena miaka aliyokwisha kuisoma, ili mimi nisipande ngazi zile mara moja.

Sasa sikilizeni hapa.

Siku moja kashuka mkataji kutoka visiwani, kaja na lori la miti. Namjua tangu ujana. Kwetu mti wa mkoko una madaraja yake kwa unene, mnajua: pau mwembamba, mazio wa kati, boriti mnene. Akaniambia, "Boriti tupu, zimeshapimwa."

Nikamwambia, "Hati iko wapi?"

"Hati amebaki nayo tajiri wangu wa kwanza. Tumegombana. Nimemwambia maneno yangu, nimebeba miti yangu nimeondoka."

"Sipokei mti usio na hati. Nikikamatwa nao, nitasema nimeuokota?"

"Mzee, miti si hii unaiona?"

"Naiona. Karatasi yake siioni. Na hizi unazoita boriti mimi nazipima upya." Nikachukua kipimo changu cha chuma, nikatia ya kwanza, nikatia ya pili. "Hii ni mazio. Na hii mazio."

"Kwake zilikuwa boriti!"

"Kwake. Hapa ni kwangu."

"Mzee, una roho ngumu. Unataka nifanye nini?"

"Rudi kwa tajiri wako. Mwombe radhi, akupe hati."

"Kwa maneno niliyomwambia? Siwezi kurudi."

"Basi acha kiburi kikulaze na miti yako barabarani."

Binti yangu alikuwa amekaa pembeni, daftari magotini. Akafunga kalamu. Hakuniangalia mimi, alimwangalia yule mkataji, akamwambia kwa upole kabisa, "Mjomba, msamehe. Baba anajua kanuni za miti tu."

Yule mkataji hakuelewa kitu. Mimi nilielewa chote. Kipimo mkononi, nikakosa pa kukiweka. Yule mama wa miwani alikuwa ameniambia maneno niliyokuwa nikiyasema mimi kila siku ya Mungu tangu nifungue yadi, na nilimwona adui. Kumbe krediti ninazijua! Nimezipima maisha yangu yote. Na yule mkataji aliyesimama mbele yangu na kiburi chake ni mimi.

Kesho yake alfajiri nilikuwa kwenye basi. Nikapanda zile ngazi. Zilikuwa chache tu, nilizihesabu kwa kukosa la kufanya, nikasahau idadi. Yule mzee wa kofia yupo mezani pake.

"Karibu mzee," akasema. "Leo umekuja kununua vitenge?"

Nilistahili. Nikamwambia, "Leo nimekuja kuomba radhi. Na nimekuja kuuliza, maana sijui."

Akanivutia kiti. Akafungua kompyuta, akatafuta. "Binti yako kwetu hapa ameandikwa ameacha masomo, na mtoro wa mitihani."

"Hakutoroka. Alitoroshwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Basi andika."

Nikamwambia nitamleta mtoto aandike, ana mwandiko mzuri. Akasema hapana, aliyemtoa ndiye aandike, kamati ya taaluma itataka kusikia kwake. Katibu wake akajitolea kunipigia chapa. Nikakataa. Nilikaa na ile karatasi kuanzia saa tatu mpaka adhana ya adhuhuri. Niliandika kwa herufi kubwa zote, maana ndogo nyingine zimenitoka. Mistari minne. MIMI NI BABA YAKE. NILIMTOA KABLA YA MITIHANI. YEYE HAKUTAKA. KOSA NI LANGU, MUHULA NI WAKE.

Yule mzee akaisoma, akagonga muhuri wa kupokelewa, akasema, "Nimepokea barua ndefu nyingi. Hii inatosha."

Kamati haikukaa kesho. Wala kesho kutwa. Nilipiga simu mpaka katibu akawa ananiita "mzee wa kila saa nne." Wiki zikapita. Jibu likaja: binti anarudishwa, ataungana na wale waliokuwa nyuma yake kwenye muhula ule alioukatisha, atafanya mitihani pamoja nao. Wenzake wapo mbele mwaka mzima. Akaenda. Akakaa darasani na wadogo zake. Akafaulu, safari hii pia bila sapu.

Alipopata karatasi zake zote, yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Baba, twende chuo kikubwa." Nikashangaa. Tukaenda kwa yule mama wa miwani na barua ya ruhusa, matokeo, na muhtasari wa kozi, kila ukurasa una muhuri. Mama akaweka zake upande huu, zetu upande huu, akaanza kulinganisha moja moja. "Hii tunaipokea. Hii tunaipokea. Hii hapana, saa zake pungufu. Hii tunaipokea. Hii ya kompyuta hapana, sisi tunafundisha kwa vitendo." Nikamwambia, "Mama, hiyo ya saa, nirudie, sijaelewa." Akanirudia. Hakunicheka. Haikuniuma popote.

Mwisho akasema, "Nyingi zinapokelewa. Chache haziingii. Kwetu ataingia mwaka wa pili." Kisha akamgeukia binti. "Sasa, unahama?"

Nikafungua mdomo. Akanyanyua kidole. "Namuuliza yeye, baba."

Binti yangu akasema, "Hapana, mama. Nabaki nilipo. Kule naingia mwaka wa tatu."

"Sasa umehangaika kuja kwa ajili gani?"

"Nilitaka baba asikie kwamba zinapokelewa."

Wazazi wenzangu, nimepigwa maishani. Nimeangukiwa na gogo, nimeng'atwa na mamba kisiginoni, alama hii hapa. Sijapigwa kama siku ile.

Ngojeni nishukuru. Namshukuru yule mzee wa kofia, aliyenipa kiti nikiwa nimemtukana. Yule mama wa miwani, aliyenifundisha kwamba si kila anayedai karatasi anakuchukia. Yule mkataji wa visiwani, ambaye naye alirudi kwa tajiri wake akapewa hati, na boriti zake nilizipima mazio vilevile. Mama wa watoto wangu, kwa ulimi wake. Na mtani wangu Mmatumbi, nilipomweleza yote alinitolea macho akasema, "Mndengereko, kumbe ulinuna? Una kesi!" Nikatozwa jogoo kwa kununia utani, nikatoa, na walimla mbele yangu.

Funzo langu ni fupi, maana mimi si mwalimu. Mtoto akitaka kuhama, na ahame, kuhama si dhambi. Lakini amalize muhula. Aage kwa barua, achukue karatasi zake zote. Apate jibu la huko aendako akiwa bado ana pake alipo. Na umuulize anahama kwa ajili ya nani. Kuna mzazi yupo hapa, ameniambia juzi kwamba Jumatatu anakwenda kumtoa kijana wake. Sikutaji. Wewe kaka, mitihani yao bado haijaisha. Mwache amalize, njoo unitukane mimi.

Limebaki moja. Nimemwomba radhi msajili. Nimemwomba radhi mtani wangu, na jogoo juu. Huyu mtoto sijamwomba. Amekuja likizo, yule kule nyuma na mama yake, ananiambia kwa macho nikae chini. Najua kwetu mtoto ndiye anayeomba radhi kwa mzazi, na wazee wenzangu hapa mtanung'unika. Nung'unikeni. Mwanangu, mwaka wako mmoja niliula mimi, na mwaka haurudi. Mbele ya watu hawa, naomba unisamehe.

Nimemaliza. Na mwenye swali lolote la krediti asinifuate mimi yadini, sijazielewa kiasi hicho. Aende kwake. Yupo mpaka Jumapili.